Mama Brigitte na Daktari wa Ukoo wa Mamba

Mtu alipopandisha sauti mbele yake, Mama Brigitte Kapya alishika pembe mbili za tabliye yake, aproni ya jikoni, akaifungua mbele ya tumbo, kama mtu anayengoja tunda la avoka lianguke kutoka juu. Alifanya hivyo jikoni, wajomba walipogombana juu ya mpira. Alifanya hivyo hata kanisani, siku padri alipopiga ngumi mimbarini akieleza moto wa milele. Na kwa kuwa kanisani hakuvaa tabliye, alifungua kitenge chake cha juu, na mtoto wa jirani, akidhani sadaka imeanza, akatumbukiza humo sarafu yake. Hakuiacha desturi hiyo mpaka uzeeni, wakati mikono yake haikuweza tena kudaka hata kijiko.

Aliipata mwaka wa 1953, katika chumba cha kuzalishia cha hospitali moja ya Elisabethville ambayo sitaitaja. Daktari wa chumba hicho alirusha vyombo. Chombo kikigonga sakafu ya saruji kilipiga kelele, na kelele hizo ziliwaamsha watoto wachanga wote wa chumba cha pili kwa pamoja, na kuwalaza tena ilikuwa kazi ya wanafunzi. Kwa hiyo mwanafunzi mwenye akili alikidaka chombo hewani. Mama Brigitte alisema kwamba darasani kwao wako waliomshinda kuandika, na wako waliomshinda kusali, lakini kwa kudaka koleo hakuwa na mwenzake.

Alikuwa dada mkubwa wa mama yangu, nami nilimwita Mama Mukubwa. Walizaliwa Pweto, ufukweni mwa ziwa, katika ukoo wa Samaki. Baba yao alipata kazi ya reli akawaleta mjini, kisha akafa kwa homa, na Brigitte akabaki kwa mjomba wao Liévin katika kambi ya wafanyakazi. Wakati ule mwanamke asiye na mume wala kazi hakuruhusiwa kukaa mjini hivi hivi. Brigitte alikuwa na ruhusa ya kukaa kwa sababu moja tu: masera, watawa wa hospitali, walimchagua kusomea ukunga. Siku atakapofukuzwa shuleni, siku hiyohiyo atapakiwa kwenye lori la samaki kavu, kurudi Pweto kuwapanga samaki juu ya moshi.

Na hakutaka kurudi. Si kwamba alidharau samaki. Ila alikuwa amekwisha kupokea mtoto mikononi, akamsikia akilia mara ya kwanza, na baada ya hapo, alisema, moshi hauna ladha tena.

Daktari aliitwa Lambrecht. Alikuwa mrefu, mwenye nywele za rangi ya mahindi, na mikono yake, kila aliyeiona alikiri, ilikuwa mikono ya baraka. Aliwatoa watoto ambao wengine walikuwa wamekwisha kuwalilia. Lakini Mungu, baada ya kumaliza mikono, inaonekana alichoka, na mdomo akamwachia mtu mwingine autengeneze.

"Weye iko ng'ombe!" alimwambia mwanafunzi aliyechelewesha makasi. "Weye iko kiti! Kiti iko na akili kupita weye!"

Kisha makasi yaliruka.

Wanafunzi walikuwa na njia zao za kustahimili. Agnès alijificha nyuma ya kabati la bandeji, na alikuwa mnene, kwa hiyo nusu yake ilibaki nje. Annie alifumba macho akasali, ikawa makasi yanampata katikati ya Salamu Maria. Julienne, rafiki yake Brigitte, alizimia mara nyingi hivi kwamba akina mama waliokuja kuzaa walimpisha kitandani.

Mambo yakafika mahali pabaya. Wanawake wa kambi walianza kujificha wakishikwa na uchungu. Walisema afadhali kuzalia nyumbani, kwa bibi mwenye wembe na sala, kuliko kutukanwa ukiwa umelala chali. Masera Godelieve, mkuu wa shule, alikuwa mtawa mdogo mwenye miwani mizito, na jambo hilo lilimnyima usingizi. Alikwenda kuzungumza na daktari. Daktari alimsikiliza, kisha akasema kwamba mwalimu wake kule Ubelgiji alimrushia yeye vyombo vikubwa zaidi, na tazama, amekuwa daktari mzuri. Masera alirudi ofisini akafunga mlango. Hakuwa na uwezo wa kumwamuru daktari. Angeweza tu kumwombea, na kwa miaka miwili alikuwa amemwombea bila faida inayoonekana.

Ndipo akaja Mama Chola.

Huyu alikuwa bibi wa ukoo wa Mamba, Bena Ng'andu, mwenye kiko mdomoni na jino moja la kutosha kukishika. Mjukuu wake alikuwa amekaa siku na usiku katika uchungu, na Docteur Lambrecht aliwaokoa wote wawili, mama na mtoto. Bibi alirudi kwao, akarudi tena na ukoo mzima, wakajipanga uani kwa hospitali. Mbele ya watu wote akamtia daktari unga mweupe kwenye paji la uso, akamvika shingoni jino la mamba lililofungwa kwa uzi.

"Huyu ni mutoto yangu," alitangaza. "Tangu leo iko Mamba. Mwenye kumugusa ananigusa miye. Nimesema."

Wote wakapiga makofi. Ba Kalenga, muuguzi mzee wa wanaume, alimtafsiria daktari kwamba ukoo huu ni ukoo wa machifu, na kwamba ameingizwa ndani yake kweli, kama aliyezaliwa. Akafurahi mpaka masikio yakawa mekundu. Jino akalifunga pamoja na funguo za gari lake. Kila alipoalikwa mezani kwa Wazungu wenzake aliziweka funguo karibu na sahani, akangoja mtu aulize. Alimwandikia hata mama yake.

Kitu kimoja hakuelezwa, kwa sababu hakuna aliyefikiri kwamba mtu mzima anaweza kukosa kukijua. Mamba anamla samaki, na mababu waliona kwamba njia pekee ya kuishi pamoja baada ya jambo kama hilo ni kutukanana. Mtu wa Samaki akikutana na mtu wa Mamba, matusi ndiyo salamu. Anaweza kumvua kofia akaenda nayo. Anaweza kuketi mbele ya bukari yake, yaani ugali, akaimaliza. Mwenyewe haruhusiwi kukasirika. Akikasirika, ndiye mwenye kosa, na faini yake ni kuku. Na mmoja akifa, watu wa ukoo wa pili ndio wanaokuja kumzika, wakimtukana maiti mpaka wafiwa wacheke. Watani hao kwetu wanaitwa banungwe, na mtu asiye na banungwe ni maskini kuliko mtu asiye na viatu.

Brigitte alisikia habari za jino akiwa anafua. Aliacha nguo majini.

"Julienne! Docteur iko Mamba?"

"Banasema."

"Mamba ya kweli? Chola mwenyewe alisema?"

"Alisema mbele ya bantu bote. Juu ya nini unacheka?"

"Basi iko banungwe yangu! Miaka yote hii ananitukana, na miye nilizani ananichukia!"

"Brigitte, ule ni Muzungu."

"Muzungu njo, sikatai. Lakini sasa iko Muzungu ya Mamba."

Julienne aliketi chini, tayari kuzimia.

Mama Mukubwa alinieleza kwamba wiki iliyofuata ilikuwa ya furaha kuliko zote za shule. Daktari alipomwita kiti, alitabasamu. Alipomrushia beseni, alilidaka kwa mapenzi. Aliona aibu tu kwamba yeye hajibu, kwa maana kutojibu matusi ya mtani ni kumtendea kama mgeni. Lakini alijua kazi yake. Alijiambia kwamba hatajibu mama mzazi akiwa bado kwenye meza ya kuzalia.

Siku yenyewe ilikuwa asubuhi ya Jumamosi. Mtoto alikwisha kutoka, kitovu kilikwisha kufungwa, mama alikwisha kuhamishwa kwenda kupumzika. Brigitte alikuwa anaosha vyombo. Daktari hakuikuta koleo yake mahali alipoitaka, akairusha ile aliyoikuta.

"Ng'ombe!" alisema. "Weye na mama yako na baba yako, bote ng'ombe!"

Brigitte aliidaka koleo. Akaiweka ndani ya maji. Akajifuta mikono, akamgeukia, akapiga makofi mara mbili kama inavyotakiwa.

"Na weye, Tata Ng'andu! Weye unalalaka mudomo wazi mpaka ndege banakuya kukusafisha meno, juu hauna hata mukono ya kujisafisha! Mayai yako unafukia mu muchanga sawa mwizi! Unakulya muntu kisha unalia, bantu basikie huruma! Uzuri wako wote njo ngozi ya mukoba ya bibi ya bwana administrateur!"

Daktari alisimama mdomo wazi, jambo ambalo halikumsaidia.

Kisha Brigitte akafanya la pili linalotakiwa. Akaichukua kofia ngumu ya jua ya daktari kutoka msumarini, akaivaa. Ilimfika puani. Akapita nayo katikati ya wodi, akipapasa vitanda kwa mikono ili asijigonge, mpaka barazani.

Wodi ikapasuka kwa kicheko. Karibu na dirisha alilala mwanamke wa kambi ya reli ambaye tangu alfajiri alikataa kusukuma kwa hofu ya daktari. Aliiona kofia ikipita, ikiwa na miguu ya Brigitte chini yake, akacheka mpaka mtoto akaanza kuja. Docteur Lambrecht, bila kofia, ilibidi ampokee mtoto huyo yeye mwenyewe. Ilikuwa mara ya kwanza mtoto kuzaliwa pale bila tusi hata moja.

Alipomaliza, aliosha mikono polepole, akaenda kwa Masera Godelieve, akasema msichana yule aondoke mjini au yeye ataondoka hospitalini.

Masera alimwambia Brigitte akae nyumbani mpaka Jumanne, siku ya kusikiliza shauri lake. Kambini habari zilikuwa zimetangulia. Mke wa Mujomba Liévin alikuwa amekwisha kufunga mzigo wa Brigitte kwa kamba, tayari kwa lori la Pweto, na alikuwa analia juu ya fundo.

"Umetukana Muzungu," alisema Mujomba Liévin. Alikuwa mtu mwoga, aliyevua kofia hata mbele ya gari-moshi. "Muzungu mukubwa. Docteur. Batatufukuza sote."

"Sikutukana, Mujomba. Nilitania. Iko Mamba."

"Nyamaza. Miye sitaki kusikia hata neno moja."

Mujomba Liévin akatembea mpaka mlangoni, akarudi.

"Ulimwambia neno ya mayai?"

"Ndiyo, Mujomba."

"Na ndege?"

"Na ndege pia."

Mujomba Liévin alitoka nje kwa haraka. Walimsikia nyuma ya jiko akikohoa kwa muda mrefu, kikohozi kisicho cha ugonjwa.

Lakini Brigitte mwenyewe hakucheka siku zile. Alikaa karibu na mzigo wake akautazama. Alinieleza kwamba hapo ndipo alipoelewa, polepole, kama mtu anayehisi baridi, kwamba huenda daktari hakuwa anatania. Kwamba labda miaka yote miwili alikuwa anamaanisha kila neno. Hilo lilimuumiza kuliko koleo yoyote.

Jumanne wakakutana ofisini kwa Masera: Masera mwenyewe, daktari, Brigitte, na Ba Kalenga wa kutafsiri. Daktari alisema kwa Kifaransa, kwa kifupi, kwamba mwanafunzi amemtusi mwalimu wake mbele ya wagonjwa na kumwibia kofia, na hakuna shule duniani inayovumilia. Na hapo, nakubali, hakusema uongo.

"Msichana ana la kusema?" aliuliza Masera.

"Mama Masera," alisema Brigitte, "miye nilimupatia heshima yake."

Ba Kalenga alifikiri namna ya kutafsiri hilo. Kabla hajapata, mlango ulifunguliwa bila kugongwa, na moshi wa kiko ukaingia, na nyuma ya moshi Mama Chola. Nani alimwita? Ba Kalenga alitazama dari. Alikuwa na shemeji wa ukoo wa Samaki, na alikuwa amefanya kazi na daktari yule kwa miaka sita.

"Iko wapi kale kasamaki kanasema mubaya ya mutoto yangu?" aliuliza bibi.

Brigitte alipaswa kuogopa. Lakini mdomo wake ulikuwa umezaliwa Pweto.

"Ni miye, Mamba muzee bila meno."

"Meno nilipatia mutoto yangu. Weye uko na nini ya kumupatia muntu? Miiba! Unakulyiwa leo, kesho bado unakwama mu koo!"

"Na weye siku utakufa hakuna mwenye kukuzika! Batakuogopa, batasema unajifanya tu, unangoja bakaribie!"

"Kichwa bila shingo!"

"Mukia ya kupigia inzi!"

"Weye unanuka hata ukiwa mu mayi!"

"Wanafanya nini?" aliuliza daktari, amepauka.

"Wanasalimiana, mon docteur," alisema Ba Kalenga.

Bibi aliweka kiko mezani juu ya makaratasi ya Masera, akamkumbatia Brigitte, akampigapiga mgongoni. "Huyu mama yake alimufundisha," aliwaambia wote. "Vijana ya leo habajui tena kutukana. Muzuri, mutoto, muzuri sana." Kisha akamgeukia daktari, uso umekuwa mkali. "Na weye, banasema ulikasirika. Ni kweli? Mamba anakasirikia Samaki? Bantu beko bananicheka ku soko!"

Ba Kalenga alitafsiri yote, taratibu, na desturi yote, na kuku wa faini. Alitafsiri kwa furaha ya mtu aliyengoja miaka sita.

"Hizi ni hadithi za wenyeji," alisema daktari. "Hazinihusu mimi."

Hapo Masera Godelieve akavua miwani yake, akaifuta kwa pindo la shela. Brigitte alikuwa hajawahi kumwona bila miwani. Macho yake yalikuwa ya kijana, na yalikuwa yanacheka.

"Docteur," alisema, "Dominika moja kabla ya haya, mezani, ulituambia sote kwamba wewe ni Mamba wa kweli. Si wa mchezo, ulisema. Ulituzungushia jino tuliguse."

"Nilisema, ndiyo. Lakini—"

"Basi ni kweli, au nilikula samaki wangu nikisikiliza uongo?"

Mama Chola hakungoja tafsiri. Alinyosha kiganja. "Kama haiko mutoto yangu, arudishe jino. Sasa hivi. Nitapatia munganga mwingine."

Mkono wa daktari ulikwenda mfukoni. Ukakaa huko. Kila mtu chumbani alisikia funguo zikigongana. Alikuwa amewaonyesha jino hilo watu wote aliowajua katika nchi hii, na mama yake alikuwa amewasomea majirani barua. Mama Mukubwa alisema hajapata kumwona mtu akipigana hivyo na mfuko wake mwenyewe. Alimtazama bibi, akamtazama Brigitte, na mwishowe mkono ukatoka mtupu.

"Kuku wa namna gani?" aliuliza.

"Mweupe, mon docteur," alisema Ba Kalenga. "Kama inawezekana."

Masera akavaa miwani tena, na macho ya kucheka yakapotea ndani yake. Akatoa hukumu kwa sauti ya shuleni. Brigitte atabaki. Lakini alikuwa amekosea mahali: kofia ilipita katikati ya wagonjwa, na wodi si uwanja. Kwa hiyo atachemsha vyombo vyote peke yake mpaka Pasaka. Na kuanzia leo, ndani ya mlango wa chumba cha kuzalishia hakuna Mamba wala Samaki, hakuna bwana wala boyi. Yupo mama na mtoto tu. Hakuna atakayerusha kitu, hakuna atakayemwita mwenzake kiti. Mwenye hasira ataishika mkononi mpaka kazi iishe na mikono ioshwe. Kisha aende nayo barazani. Huko kila mtu ataongea kwa desturi ya ukoo wake, na mwenzake atajibu.

"Atajibu?" aliuliza daktari.

"Kwani wewe si Mamba?"

"Na hapa hospitalini," aliuliza daktari polepole, "Samaki wengine ni akina nani?"

Ba Kalenga alihesabu kwa vidole. "Mpishi. Mama wa kufua. Bawabu. Na yule wa chumba cha maiti." Akakohoa. "Yule wa chumba cha maiti anakungoja kwa hamu kubwa, mon docteur."

Mara ya kwanza daktari kutumia baraza ilikuwa juu ya shuka chafu. Aliishika hasira yake tangu asubuhi mpaka adhuhuri, akizalisha kimya, mishipa ya shingo imesimama. Akaosha mikono, akatoka nje. Huko walikuwa wanamngoja mpishi, mama wa kufua, bawabu, na akina mama waliojifungua wamebeba watoto wao waone. Daktari alisimama mbele ya Brigitte. Alifungua kinywa. Alikuwa amesahau ilikuwa juu ya nini.

"Weye," alisema mwishowe, "iko samaki. Na... samaki iko na harufu."

Mama wa kufua alitikisa kichwa kwa masikitiko. "Ni kweli," alisema, "lakini haina chumvi."

Brigitte alimjibu kwa dakika nzima bila kuvuta pumzi, na daktari alikwenda nyumbani ameshindwa. Hakupenda kushindwa. Alianza kumuuliza mpishi wake wa nyumbani, Donat, amfundishe. Jioni majirani Wazungu walimsikia akirudia kwa sauti, kama mtoto anayesoma katekisimu: "Magamba yako iko sawa kucha ya mukongwe." Wakaambiana kwamba jua limempata, maskini.

Vyombo havikuruka tena. Si kwa sababu alikuwa amekuwa mpole. Mama Mukubwa alikataa kabisa kumsingizia upole. Ila hasira inayongoja mikono ioshwe mara nyingi huchoka njiani, na isipochoka, alijua mbele yake kuna msichana wa Pweto. Agnès alitoka nyuma ya kabati akakuta kwamba alikuwa na mikono mizuri sana ya kazi. Julienne aliacha kuzimia, ingawa alisema aliutamani usingizi ule. Na wanawake wa kambi walirudi kuzaa hospitalini. Wengine walifika kabla ya siku zao, wakaulizia kwanza baraza ni saa ngapi.

Mtihani wa mwisho ulisimamiwa na daktari mwenyewe. Brigitte hakulala. Alijua kwamba mtu aliyeshindwa mbele ya wapishi na wafuaji anaweza kulipiza kwa kalamu, na lori la Pweto bado lilipita kila wiki. Daktari alimuuliza kwa muda mrefu kuliko wengine, juu ya mtoto anayetanguliza miguu, juu ya damu isiyokoma, akimrudisha nyuma na kumgeuza. Hakutabasamu. Ndani ya mlango hakuwa Mamba. Kisha akatia sahihi, akaosha mikono ingawa ilikuwa safi, akamwashiria atoke nje mpaka barazani.

"Hata chura angefaulu," alisema, kwa Kiswahili safi.

Brigitte alitaka kumjibu. Alinieleza kwamba ndiyo mara pekee maishani matusi yalimwishia.

Alifanya kazi hiyo miaka thelathini na kitu, akawafundisha wengine, nao akawapa sheria ya Masera kama alivyoipokea: tusi si kosa, kosa ni mahali. Docteur Lambrecht aliondoka mwaka wa 1960, mwaka wa uhuru, kwa haraka, kama walivyoondoka wengi, na jino mfukoni. Miaka mingi baadaye mtawa mmoja alileta habari kwamba alikufa kwao, akazikwa siku ya mvua, watu wote wakiwa wamevaa nyeusi na hakuna aliyesema neno. Mama Mukubwa aliketi akashika kichwa. "Balimuzika kimya?" alirudia. "Bantu bote hapo, na hakuna hata mumoja wa kumutukana?" Alilia siku ile, na sijui kama kuna daktari mwingine aliyeliliwa kwa sababu hiyo.

Mara ya mwisho nilimkuta nyumbani kwake mtaa wa Bel-Air, ameketi nje juani na blanketi magotini. Alikuwa amepungua sana. Mimi ni mtu wa kufikiria yale ambayo yangeweza kutokea, ni ugonjwa wangu, na nikamuuliza jambo nililolibeba tangu utoto: kama Masera asingecheka, kama daktari angerudisha lile jino, kama angepakiwa kweli kwenye lori, asingejuta kwamba siku ile hakunyamaza?

Alivuta blanketi mpaka kifuani.

"Ningeuza samaki ku Pweto," alisema, "na hakuna mwenye angenunua, juu ya hii mudomo. Nenda sasa, mutoto, mvua inakuya, na weye unatembeaka sawa muntu anayehesabu majani."